Matundu Manane ya Mikro ya Idjwi

Siku ile ya kuniaga mlipopokea funguo za chumba cha foni kutoka mkononi mwangu, wadogo zangu, mmoja wenu alifungua sanduku langu la chini, akaona makaratasi, akacheka: "Papa Byamungu, hizi zote za nini? Si Google iko?" Nilitaka kumjibu papo hapo, lakini soda zilikuwa zimekwisha kufunguliwa na chef alikuwa ameanza hotuba. Basi jibu ni hili. Vyeo vyangu sitavitaja, kwa sababu vilichelewa. Mishahara sitaitaja, kwa sababu ilichelewa zaidi. Nitawaeleza habari ya mikro moja ya kisiwani Idjwi, kile kidude cha kusemea redioni, ambayo hata leo ikinirudia nikiwa mezani kijiko kinabaki hewani, na mke wangu ananiuliza nimemeza nini.

Nianze mwanzo. Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kwa Papa Zihindula, fundi na mpiga foni wa ofisi yetu ya afya, mtu mfupi aliyevaa kofia ya sufu hata jua likiwaka. Aliniambia neno moja tu: "Usiguse ile waya." Nikaugusa, maana mtu akiniambia bei ya kitu nataka kuihakikisha mwenyewe. Waya wa antena, mwenzako akiwa anasema kwenye mikro, haukurushi kama umeme wa nyumba. Unakuchoma kimyakimya, kama pasi. Kidole kikanuka nyama. Zihindula aliniangalia bila haraka, akasema: "Sasa unajua. Kesho ndiyo utaanza kazi."

Kwa atakayesoma hii bila kuwahi kuingia chumbani mwetu: foni ni redio ya kusemea mbali. Vituo vya afya vya milimani na vya visiwani vina aparei moja moja, yenye betri na paneli ya jua. Asubuhi na alasiri kuna vakasio, yaani saa ya wito. Ofisi yetu ya Bukavu inaita vituo kimoja kimoja, na kila kimoja kinatoa habari zake: wagonjwa, dawa, boti ya kubeba mama aliyeshindwa kuzaa. Wote wako kwenye mawimbi yaleyale, kila mmoja anasikia mwenzake. Kituo kisichojibu tunakiandika "absent" na kuendelea na kingine.

Zihindula alikuwa na ugonjwa mwingine zaidi ya kazi. Alikuwa radioamateur. Kazi aliyoifanya mchana kwa kulipwa, jioni aliifanya nyumbani kwake Kadutu bila kulipwa: alifunga waya kutoka kwenye tangi la maji hadi paa la jirani, akaita watu asiowajua, akawaambia anasikia mvua. Nao wakamjibu kwamba kwao hakuna mvua. Niliona ni wazimu. Mwaka haukwisha nami nikawa nimefunga waya wangu.

Aliyeanza starehe hii Bukavu anagundua upesi kwamba aparei siyo ghali. Aparei utaipata, imechoka, kwa mtu anayehama. Kilicho ghali ni kujua. Antena iwe ndefu kiasi gani, taa hii inabadilishwa na ipi, tundu lipi la plagi linabeba nini. Vitabu vya mambo hayo vilikuwa na bei ya mbuzi aliyenona, na bado hujalipa usafiri. Vilifika mjini kwa njia mbili: padri mgeni anarudi kwao na kuacha kabati, au shirika linafunga na kuuza vitu uani. Mimi nilikuwa wa kwanza kwenye minada hiyo, nikijifanya natafuta viti.

Zihindula alikuwa na kitabu kimoja kinene cha Kifaransa, chenye jalada la kijani, ambacho ndani yake kila swali letu lilikuwa na ukurasa wake. Namna yake ya kukiazima sijaiona kwingine. Alikifumua uzi, kurasa zote zikawa huru, akaziweka kwenye boksi la maziwa ya unga. Ukimwendea na tatizo, alikupa ukurasa mmoja. Mmoja tu. Hukupata wa pili kabla hujarudisha wa kwanza, na akiurudisha mtu ukiwa na doa la mafuta alimtazama kama amemrudishia mtoto akiwa na homa. Tulimcheka, lakini katika miaka yote hiyo haukupotea hata ukurasa. Mafundi wa nusu ya mji waliishi kwa boksi lile la maziwa.

Kisha akastaafu, nami nikabaki na chumba. Sasa tufike kwenye mikro.

Asubuhi moja Idjwi haikujibu. Alasiri haikujibu. Kituo chetu cha kule kilikuwa chini ya Maman Nsimire, muuguzi mkuu, mwanamke asiyekosa vakasio hata akiwa na malaria. Simu nayo haikupita, kwa sababu nguzo ya mtandao ya upande ule ilikuwa imekosa mafuta. Tukaandika "absent", na kesho yake tena "absent", mpaka mwendesha boti mmoja akaja ofisini na suruali iliyolowa hadi magotini.

"Papa, maman alinituma. Foni yake iko kimya. Panya balikula kamba ya mikro."

"Mikro iko wapi?"

"Alinipatia nikuletee."

"Basi lete."

Akaangalia miguu yake. "Papa, mawimbi ilikuwa nguvu. Mikro iliingia mu maji. Lakini mi niko muzima."

Nilimpongeza kwa uzima. Nikageuka, na nyuma yangu alikuwa amesimama Chef Prosper, mkuu wa vifaa na usafiri, mtu aliyependa kuingia chumbani bila kugonga. Alikuwa amesikia. Akachukua mikro ya Bukavu kutoka mezani, akaita kituo kimoja cha upande wa bara. Nitakiita kituo cha shemeji, kwa sababu ndivyo kilivyokuwa: kiliongozwa na kaka wa mke wake, na kilikuwa kando ya barabara, chenye simu tatu na pikipiki.

"Shemeji, ile foni uliyokuwa unalilia imepatikana. Ya Idjwi. Kule imekufa, na hata ikiwa nzima, yule maman anaitumia kuomba tu. Leo serumu, kesho boti. Jumamosi Byamungu atakwenda kuifungua. À vous."

Shemeji, kwa kuwa "À vous" ni kumpa mwenzako zamu, akajibu kwa furaha kubwa. Vituo vyote vilisikia.

"Chef," nikasema, "ni mikro tu. Nikipata mikro, kituo kitasema."

"Utainunua wapi?"

"Sinunui. Niko nayo moja ya aparei nyingine. Plagi inafanana."

"Sasa shida iko wapi?"

Shida ilikuwa hii, na ninyi vijana isikieni vizuri, kwa sababu nimeona mtu aliyeicheka. Plagi ya mikro ina matundu manane: saba kwa mviringo, la nane katikati. Mikro ya kampuni moja inaingia kwenye aparei ya kampuni nyingine bila kugoma, kama binamu anayejikaribisha nyumbani. Lakini kila kampuni ilipanga nyaya zake kivyake. Hapa tundu hili linabeba sauti, kule tundu hilohilo linatoa umeme. Ukikosea, aparei inakufa kweli. Mwenzangu mmoja wa ofisi jirani aliwahi kubahatisha. Moshi ulitoka polepole kwenye vitobo vya kipaza sauti, mweupe na mzuri, na bosi wake aliyekuwa amesimama pale akauliza kama ndiyo imeanza kufanya kazi.

Nilihitaji mpangilio wa matundu ya ile aparei ya Kijapani ya Idjwi. Aparei iko Idjwi, mimi niko Bukavu. Nikapatana na Chef Prosper kama tuko sokoni. Yeye alitaka nifungue kila kitu Jumamosi nikifika. Mimi nikaomba siku mbili, akanipa saa moja. Tukafunga kwenye vakasio moja: Jumamosi alasiri Idjwi isipojibu wito, nafungua aparei, betri na paneli, narudi navyo kwa boti ya jioni. Alikubali upesi mno. Mtu akikubali bei yangu upesi nahesabu noti upya.

Nilianza na intaneti, ili msiseme ni ushamba. Cyber ya kwanza ilinipeleka kwenye duka lililotaka dola kwa kadi ambayo sina. Ya pili ilinipakulia kitabu kizima, nikalipa, nikakuta ni Kirusi. Picha zilikuwa nzuri sana, lakini za aparei nyingine. Ya tatu ilikuwa na michoro miwili ya aparei yangu hasa, na miwili ile ilipingana. Nikatoka pale na hasira, nikapanda moto, yaani pikipiki ya abiria, hadi Kadutu kwa Zihindula, nikamalizia kile kipande cha ngazi kwa miguu huku nikijilaumu: kwa nini sikuanza na boksi la maziwa?

Nilimkuta ameketi mlangoni, kofia ya sufu kichwani, anachambua maharagwe.

"Muzee, niko na haja ya ukurasa wa plagi za mikro."

"Haiko."

"Nani alikamata?"

"Kitabu yote haiko. Niliuzisha ku kilo."

Nilidhani ni mzaha. Nikaingia ndani bila ruhusa, jambo nisilolifanya hata kwa ndugu yangu. Boksi la maziwa lilikuwepo, palepale kwenye rafu. Ndani mlikuwa na maharagwe.

Nimewahi kuibiwa, nimewahi kukimbia risasi na sufuria kichwani, lakini hasara kama ile sikuwa nimeiona. Nilikaa kwenye kitanda cha mzee wa watu.

"Muzee. Ile kitabu!"

"Mwaka muzima nilikuwa natuma batu kwenu. Kuyeni mukamate bitabu, bure, macho yangu imechoka. Nani alikuya? Weye ulikuya?"

"Sikuja, muzee. Kazi ilikuwa mingi."

"Ndiyo. Mama wa karanga yeye hakuwa na kazi mingi. Alikuya na mizani yake." Akatupa harage moja bovu. "Maman Vumilia. Iko nauzishia Nyawera, pale moto zinasimama. Kimbia, labda hajafika ku mikro. Alianza na antena."

Nikakimbia. Kutoka Kadutu hadi Nyawera motard wangu alipita mahali ambapo mbuzi angefikiri kwanza, na sikubishana hata bei, kitu ambacho sijakifanya tena. Maman Vumilia nilimkuta kwenye kigoda chake, beseni la karanga mbele, rundo la karatasi chini ya paja lake. Alikuwa anasokota ukurasa, anaufanya pembe, anajaza karanga, anampa mteja. Mbele ya macho yangu alisokota jedwali zima la antena.

Nilijikaza. Mnunuzi mwenye haraka analipa mara mbili, hilo nililijua kabla sijajua kusoma. Nikasema kwa ubaridi: "Maman, nipe karanga."

"Za ngapi?"

"Za... ngoja. Hii karatasi siipendi. Nipe mu ingine."

Akasokota nyingine. Nikaisoma. "Hii pia, hapana."

Akaacha kusokota. "Papa, uko nanunua karanga ama uko nanunua karatasi?"

"Karanga, maman."

"Basi kula, wacha kusoma." Wateja wakacheka. Akainama, akachungulia uso wangu, na nikaona bei ikipanda machoni mwake. "Karanga ni deux cents. Karatasi, kama ni karatasi unataka, ni mille. Moja moja."

"Mille! Elfu nzima, mara tano ya karanga, kwa karatasi iliyoandikwa tayari?"

"Njo vile iko na kazi. Ingekuwa nyeupe ningekupunguzia."

Sijawahi kushindwa pale Nyawera kwa sentensi moja namna ile. Nikatoa pesa, nikapewa rundo lote nikalipekua palepale nimechuchumaa. Kondensa. Taa. Betri. Hakuna mikro. Nilipoinua kichwa, motard mmoja aliyeketi kando juu ya tangi la pikipiki yake alikuwa anajimiminia karanga za mwisho kinywani, na kwenye pembe ya karatasi yake niliona duara, na ndani ya duara vitone saba kwa mviringo na kimoja katikati.

Nikamshika mkono.

"Muzee!" akasema, mdomo umejaa. "Uko na njaa hivyo?"

"Nipe karatasi yako, mwanangu."

"Karanga imeisha, muzee."

"Karatasi!"

Akanipa huku akisogea nyuma. Duara lilikuwepo, namba zilikuwepo, jina la aparei ya Idjwi lilikuwepo, kila tundu na kazi yake. Lakini chini palikuwa pameraruliwa. Nikamwuliza kipande kingine kiko wapi. Akanionyesha kioo cha pikipiki, kinang'aa. Alikuwa amekifutia, akakitupa, na upepo wa Nyawera ukafanya kazi yake. Yule mtoto wa watu aliniona nimeshika kichwa, akaniuliza kama nilikuwa nimeandikiwa na mwanamke.

Mtauliza kipande kilichoraruka kilikuwa na nini. Kilikuwa na maneno machache tu, yale yanayoandikwa chini ya kila mchoro wa plagi: umetazamwa kutoka upande gani. Mchoro wa uso wa aparei na mchoro wa mgongo wa plagi, pale penye kuchomelea nyaya, ni kama mtu na sura yake kwenye kioo. Namba zinazunguka kinyume. Chagua vibaya, na ule moshi mweupe mzuri unatoka. Kwa hiyo nilikuwa na nusu ya ukweli, na katika kazi yetu nusu ya ukweli inachoma vitu vingi kuliko ujinga mtupu. Tangu hapo, kila mchoro ninaounakili, kitu cha kwanza naandika juu, kwa herufi kubwa, umetazamwa upande gani. Ndiyo maana makaratasi yangu yamejaa neno USONI na neno MGONGONI, na siyo kwamba niliugua.

Alhamisi alasiri nilikaa nyumbani mbele ya aparei yangu ya starehe, nikaita. Radioamateur haulizi kama anamjua mtu. Anauliza kama kuna mtu. Nikaita, nikangoja, nikaita. Mwalimu mmoja wa Burundi akanijibu kwa upole mkubwa kwamba hajui. Kisha ikatoka sauti ya mzee wa Lubumbashi, Tonton Kasongo, ambaye tumezungumza miaka mingi bila kuonana. Nilimweleza. Aparei yake ilikuwa ndugu wa ile ya Idjwi.

"Karatasi sina, mudogo," akasema. "Lakini tundu ninazo hapa mbele yangu. Ngoja nivae miwani."

Akanitajia namba moja moja, akiangalia uso wa aparei yake. Nikazifananisha na ukurasa wangu wa mafuta ya karanga. Zililingana.

"Tonton, rudia."

Akarudia.

"Sasa anza nyuma. Kutoka saba kurudi moja."

"Byamungu, unanunua ng'ombe?"

"Tonton, rudi nyuma tu."

Akacheka mpaka mawimbi yakakwaruza, lakini akarudi nyuma. Mchoro ulikuwa wa usoni. Bei ya habari ile ilikuwa kicheko kimoja cha Lubumbashi, na mchana kutwa nilikuwa nimekula hasara kwa karanga. Usiku ule nilichomelea nyaya za mikro yangu kwa mpangilio mpya, nikapima kila moja, nikapima tena.

Jumamosi nikapanda boti. Mifukoni nilikuwa na mikro, na bisibisi ya kufungulia aparei kama mikro ingeshindwa. Nilizitenganisha, moja kila upande, ili zisizoeane.

Kutoka ufukweni hadi kituoni kulikuwa na kilima cha migomba na mananasi. Maman Nsimire alinipokea mlangoni kwa blauzi nyeupe. Ndani walikuwepo akina mama wamekaa kwenye benchi, mmoja ana tumbo kubwa na miguu imevimba. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza kwa utaratibu amri niliyokuja nayo, maana habari mbaya inahitaji mlango mzuri. Hakunipa nafasi. Akaniweka kwenye kiti, akamimina chai.

"Kunywa, Papa. Sikutia sukari. Daktari si alikukataza?"

Nikapeleka kikombe mdomoni. Kisha kikombe kikasimama njiani.

"Maman, nani alikwambia habari za daktari?"

"Weye mwenyewe. Jumanne, kiisha vakasio. Ulikuwa unalalamikia bale ba kituo cha Kalehe."

Chai ilimwagika kwenye suruali, sikuisikia. Niligeuza shingo. Kwenye meza ya kona, aparei ya Idjwi ilikuwa inawaka taa yake ndogo ya kijani, sauti imepunguzwa, na ndani yake mtu wa kituo kingine alikuwa anauliza bei ya sambaza, samaki wadogo wa ziwani.

Panya walikula kamba ya mikro. Mikro ni mdomo. Masikio ya aparei hawakuyagusa. Mimi, fundi, niliyejua matundu yote manane kwa mbele na kwa nyuma, sikuwahi hata mara moja kufikiri kwamba kituo tulichokiandika "absent" kilikuwa kimekaa pamoja nasi kila asubuhi na kila alasiri. Na si mimi peke yangu. Ni desturi yetu mbaya sisi wa foni: asiyejibu tunamhesabu hayupo, na mbele ya asiyekuwepo mtu anasema chochote.

"Ulisikia yote?" nikauliza.

"Bisibisi iko mu mfuko gani, Papa? Wa kulia ama wa kushoto?"

Akaketi mbele yangu, na sauti yake ikashuka ili wale wa kwenye benchi wasisikie.

"Yule mama wa miguu kuvimba, presha yake iko juu. Leo ama kesho nitaita boti. Kama ile kitu inatoka pale ku meza, nitaita na nini? Na filimbi?"

Nikainuka. Nikachukua mikro, nikaisogeza kwenye aparei. Plagi ilikataa kuingia mpaka nilipovuta pumzi. Nikaikaza. Nikatazama vitobo vya kipaza sauti, nikingoja moshi. Hakuna. Nikabonyeza bila kusema neno: sindano ya kipimo ikaruka. Aparei ilikuwa na mdomo tena.

"Niite Bukavu?" nikasema.

"Hapana, Papa. Usiseme kitu. Ngojea vakasio."

Akavuta kiti, akashika mikro kwa mikono miwili, akaiweka magotini. Tulikaa hivyo. Saa ya alasiri ilipofika, sauti ya Chef Prosper ikatoka yenyewe. Hakumwachia opereta kazi siku ile. Aliita vituo, vikajibu. Alipofika kwetu, hakuita mara mbili kama inavyotakiwa.

"Idjwi... absent. Bon. Shemeji, kama nilivyokuambia, aparei inafika jioni hii. Kesho tuma mtu bandarini mapema. Na ile ahadi uliyonipa usiisahau. À vous."

Maman Nsimire akabonyeza.

"Bukavu, Bukavu, hapa Idjwi. Nawapokea cinq sur cinq, wazi kabisa. Na nimewapokea siku hizi zote, asubuhi na alasiri. Nimesikia Idjwi inaomba tu. Nimesikia ahadi ya shemeji ni ng'ombe wa maziwa. Chef, sina shida na ng'ombe. À vous."

Hata mikwaruzo ya mawimbi ilikuwa kama imejikunyata. Kisha kituo kimoja cha milimani, bila kuulizwa, kikasema: "Bien reçu, Idjwi." Kingine kikasema: "Bien reçu, Idjwi, tumekupokea, karibu tena." Kikafuata kingine. Vilipita vyote kwa zamu, kama katika wito wa kawaida, isipokuwa kituo cha shemeji, na safari hii nadhani ndicho kilichokuwa absent.

"Idjwi," Chef Prosper akasema mwishoni, na sauti yake ilikuwa nyembamba kama imepita kwenye tundu la nane. "Tangu lini... À vous."

"Tangu mwanzo, Chef. Sasa andika, tafadhali. Niko na mama mmoja, mimba ya miezi nane, presha juu, miguu imevimba. Naomba boti. Ndiyo, naomba tena. À vous."

Nilisikia kalamu. Naapa, kutoka ng'ambo ya ziwa, nilisikia kalamu ikitafutwa.

"Naandika, Idjwi."

Boti ya jioni ilinibeba mimi, mama yule, na mama mkwe wake aliyeshikilia termosi. Aparei ilibaki kituoni juu ya meza yake, na iko pale mpaka leo; ninyi wenyewe mnaiita kila asubuhi. Mama alijifungua mjini, wote wawili wazima. Ukurasa wa karanga uko kwenye sanduku la chini, ndani ya plastiki, na nakala zake ziko kwa yeyote anayeleta karatasi yake mwenyewe. Siazimi ukurasa mmoja mmoja. Chukueni zote, ningali nawaita.

Pale ufukweni Maman Nsimire alinisindikiza hadi majini na nanasi kubwa kuliko kichwa changu. Nilijaribu kulikataa kwa adabu, akanisukumia kifuani.

"Si yako, Papa. Ni ya maman wa nyumbani, mke wako. Umwambie ninamusalimia sana." Boti ikaanza kuondoka, naye akakusanya viganja mdomoni ili sauti ivuke mlio wa mota. "Na umwambie juu yake mi sikusikia kitu!"

Njia nzima hadi Bukavu nilikaa nimekumbatia nanasi, najaribu kukumbuka nilikuwa nimesema nini.